Kwa nini nakimbia

Mombasa

Shoga yangu wa moyoni,

Assalaam aleikum. Barua yako imenifika. Waniuliza kwa nini nijichoshe kukimbia marathoni, kilomita 42 na ushei, ilhali mchango wa kuelimisha watu juu ya kifafa ungekusanywa kwa M-Pesa nami nimekaa barazani. Umeuliza haki yako.

Kifafa kwetu hufichwa. Wamjua mdogo wangu. Alipoanza kuanguka, mlango ulifungwa; akafungiwa hirizi, akanyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshea maandishi ya aya, akapungwa pepo. Waliofanya hayo walimpenda kweli, hilo silikani. Ila dawa ilichelewa. Alipoandikiwa kabamazepini, dawa ya kifafa, akawa anaimeza asubuhi na jioni bila kuruka, kuanguka kukapungua, kisha kukakoma. Leo anashona nguo za watu. Shirika la Afya Duniani linasema wenye kifafa ni kama milioni 50, na 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yafaayo. Nikisoma hivyo nawafikiria walio nyuma ya milango hapa hapa kisiwani.

Mchango wa barazani ungeleta pesa, lakini ungepita kimyakimya. Mimi nataka neno hili litamkwe barabarani. Baada ya sala ya alfajiri naanzia Mama Ngina, napita chini ya zile sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue mpaka Buxton, navuka daraja la Nyali. Mtandio kichwani, fulana ya zambarau ya mikono mirefu, mgongoni imeandikwa KIFAFA KINATIBIKA. Zambarau ndiyo rangi ya tarehe 26 Machi, siku ya kuelimisha watu juu ya kifafa, aliyoianzisha msichana wa Kanada, Cassidy Megan, mwaka 2008, naye mwenyewe ana kifafa. Jua likishatoka fukuto hunikaba, mate hukauka, lakini watu wananisimamisha, nami nasimama. Vijana wa bodaboda waliniuliza, "Dada, lile povu la mwenye kifafa laambukiza?" Haliambukizi. Nikawaeleza pale pale: mtu akianguka usimtie kijiko mdomoni, usimnusishe kitunguu, usimkandamize. Ondoa vitu vya kumuumiza, mwekee kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu, tazama saa. Degedege likizidi dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, hospitali mbio. Mmoja wao aliniomba nirudie, kisha akamwita mwenzake asikie. Siku hiyo miguu haikuniuma hata kidogo.

Pesa zitakazopatikana ni za vipeperushi na nauli ya muuguzi atakayezunguka madrasa na vituo vya bodaboda.

Sasa lililonikaa rohoni, na unisamehe nikiingilia ya nyumbani kwako. Yule mtoto wa wifi yako. Ulisema "hushtuka" usiku na wamemtoa madrasa. Mkalishe wifi yako, taratibu, bila watu. Mwambie mtoto apelekwe akapimwe, na aliyemuona akishtuka aende naye, maana daktari hutegemea sana maelezo ya shahidi; mkiweza mpigeni video kwa simu. Huenda chanzo ni shida wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, au pigo la kichwa. Mara nyingi chanzo hakijulikani kabisa, kwa hivyo mama asilaumiwe. Akianza dawa asiziache ghafla hata akiwa mzima kabisa. Asiachwe peke yake baharini wala karibu na jiko. Na akija kukua akataka kufunga Ramadhani, amuulize daktari kwanza: dawa zikikosewa saa na usingizi ukipungua, kifafa huweza kurudi. Mgonjwa dini imemruhusu kula.

Mchango wako ukiwapo nitashukuru, usipokuwapo pia nitashukuru. Mimi zaidi nangoja kusikia mtoto amepangiwa lini kliniki. Wifi yako akiona haya kwenda peke yake, niambie, nitapanda basi nije tumsindikize sote.

Nisalimie mama na watoto.

Wasalaam,
Shoga yako