Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mwaka wetu wa nyangumi

Mbukwenyi wandugu. Najua hii taarifa mliitegemea mwezi uliopita, nimechelewa, nakubali, kulikuwa na mitihani ya kusahihisha alafu na laptopu ikanigomea, kwahiyo tusianze kugombana mapema.

Nianze na swali lililonifuata mwaka mzima, tangu klabu yetu hapa Dodoma ichague kujifunza kumtambua nyangumi kwa DNA. Kila nikikatiza Majengo sokoni au Nyerere Square lazima nikutane na mtu aniulize, mwenyekiti, Dodoma na nyangumi wapi na wapi? Jibu langu limekuwa moja, namwambia aende akasome habari ya Turkana kule Kenya. Mwaka 1964 lilikutwa fuvu la nyangumi kwenye mchanga mkavu, kilometa kama 740 kutoka bahari ilipo leo, ana miaka milioni 17, inaonekana aliingia mtoni akapanda nao mpaka akashindwa kurudi. Sisi mpaka Dar ni kilometa kama 450 tu, kwahiyo tulieni. Ila kilichonichekesha kwenye ile habari ni kwamba lile fuvu lilipelekwa Marekani likapotea stoo zaidi ya miaka 30, limekuja kuonekana tena 2011. Kitu kizima cha mawe kinapotea stoo! Shikeni hapo maana nitarudi kwenye mambo ya kupotea, na safari hiyo mkosaji ni mimi.

Mada ya nyangumi tuliipigia kura wenyewe mwezi wa pili, lakini iliwaka moto mwezi wa nane, pale mwenzetu aliyekuwa likizo kwao pwani ya kusini alipotuma picha kwenye grupu alfajiri. Mnyama amelala kwenye mchanga, ngozi inabanduka kama rangi ya mlango wa zamani, ndani pinki na kijivu, tumbo limejaa hewa. Grupu ikalipuka. Mmoja akasema papa potwe, mwingine nyangumi, mwingine akasema nguva mkubwa (huyu namuomba aje darasani kwangu form one). Tukamwambia mwenzetu apige picha ya mkia. Mkia ulikuwa umelala bapa, wa papa unasimama wima, kwahiyo nyangumi, hilo likaisha. Sasa nyangumi gani? Ule msimu wa kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi na moja nyangumi wenye nundu wanapanda kutoka bahari ya kusini kuja kuzaa kwenye maji yetu ya moto, na wale wana kikono kirefu mno, karibu theluthi ya mwili, ukikiona huwezi kukosea. Tatizo kikono cha upande mmoja kimelaliwa na cha upande wa pili kimeliwa liwa na papa. Tumebishana mpaka saa nne, hakuna aliyeshinda.

Hapo ndo DNA (vinasaba) inapoingia. Na naomba niseme wazi maana kwa watu wetu ukitaja kupima DNA kila mtu anawaza mtoto wa nani. Hii ya kumtambua nyangumi kwa kawaida inasoma DNA ya mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, ambayo inatoka kwa mama tu, baba haijui kabisa, kwahiyo wale walioniuliza pembeni baada ya kikao, hapana, haitawasaidia. Inapendwa kwasababu kila seli ina nakala nyingi sana za hiyo, mamia mpaka maelfu, hata nyama ikianza kuoza bado unaweza kubahatisha. Unachukua kipande cha ngozi kama punje ya haragwe, unavunja seli, unachagua sehemu ndogo unayoitaka, alafu mashine inaidurufu: joto la digrii 95 kuachanisha nyuzi mbili za DNA, inapoa kidogo, inapanda tena, nakala moja inakuwa mbili, mbili nne. Ukifika mzunguko wa 30 umeshapita bilioni. Baadae inasomwa herufi kwa herufi na kulinganishwa na za nyangumi wanaojulikana.

Wanaojulikana. Hilo neno ndo kazi yote, na ndo nilikuwa napigia kelele mwaka mzima wengine mkaona nawachosha. Mashine haina akili ya jina, inalinganisha tu. Mtazameni yule nyangumi wa jino la sepetu, Mesoplodon traversii. Taya lake lilipatikana 1872 kwenye visiwa vya Chatham huko New Zealand, baadae mafuvu mawili, basi, hakuna binadamu aliyejua anafananaje. Desemba 2010 mama wa mita 5.3 na mtoto wake dume wa mita 3.5 wakakwama ufukwe wa Opape huko huko New Zealand wakafa, watu wakawaangalia wakasema hawa ni wa aina nyingine ya kawaida kule, wakawafukia. Walikosea lakini siwalaumu, hawa nyangumi wa mdomo mrefu wanafanana, na jino la kuwatofautisha kwa majike na watoto kwa kawaida halitokezi nje ya fizi. Ila kabla ya kufukia walikata kipande cha nyama wakakiweka vizuri na rekodi yake. Maabara ikasoma, ikalinganisha na DNA iliyotolewa kwenye yale mafupa ya zamani, mwaka 2012 dunia ikatangaziwa nani alikuwa amefukiwa pale. Julai 2024 akaja dume mwingine wa mita 5 pwani ya Otago, safari hii walikuwa wamejiandaa, wakamhifadhi kwenye baridi na Desemba wakampasua wakishirikiana na wenyeji Wamaori.

California hivyo hivyo. Nyangumi watano waliokwama kati ya 1975 na 1997, wakapewa majina ya nyangumi wa aina nyingine, 2002 DNA ikasema hawa ni aina mpya kabisa. Jina lilikuwa kosa miaka yote hiyo lakini lebo ilikuwa sawa, tarehe ipo, ufukwe upo, namba ya mfupa ipo.

Haya sasa aibu yangu. Mnakumbuka yale mazoezi ya mwezi wa tisa, tulinunua samaki Majengo, sato, perege na kambale wa Mtera, tukakata vipande vidogo kila kimoja na kisu kisafi, tukatia kwenye vichupa vya spiriti ili tujifunze kuhifadhi kabla hatujagusa nyangumi halisi. Kikundi cha mwalimu wa Kondoa kiliandika lebo kwa penseli, sisi wa meza ya mbele tukaandika kwa biki. Mimi ndo niliandika, mwandiko mzuri kabisa. Baada ya wiki mbili nafungua boksi, spiriti ya meza ya mbele imekuwa bluu nyepesi kama maji ya kuloweka mashati meupe, na karatasi ndani nyeupe peee. Vichupa 14. Perege nani, kambale nani, vyote vipande vya kijivu vinanitazama. Vya Kondoa vinasomeka mpaka leo. Tungekuwa na mashine ingetuambia samaki gani, sawa, ila ametoka meza gani na tarehe gani hakuna mashine duniani itakayokwambia.

Kuhusu yule nyangumi wa kusini: mwenzetu alifuata utaratibu, hakukata mwenyewe, alimuita afisa uvuvi, akakaa upande wa upepo (mzoga ule ukijaa gesi unaweza kupasuka, na magonjwa yapo), kipande kikachukuliwa kikawekwa kwenye chumvi nyingi kavu maana spiriti haikuwepo, na chumvi inafaa. Formalini tulimkataza kabisa kwa simu, inahifadhi umbo ila DNA inaiharibu. Kipande kilipelekwa, majibu hayajaja. Tumeuliza mara tatu tukaambiwa tusubiri, basi tunasubiri.

Zoezi la ndizi na wanafunzi lilienda vizuri kuliko yote. Ndizi mbivu, chumvi, sabuni ya vyombo, chuja, mimina spiriti ya baridi taratibu, zile nyuzi nyeupe zikaibuka kama kamasi na watoto wakapiga kelele mpaka mkuu wa shule akaja kuchungulia.

Hela: ada ni ile ile 2,000 kwa mwezi na nusu yenu hamjalipa, mhazini ana majina na mimi nimeyaona. Nauli ya SGR ya wajumbe wawili waliokwenda Dar kuonana na watu wa samaki imelipwa, risiti zipo. Mashine hatununui, wazo lile nimeliweka kapuni. Tumenunua penseli boksi zima na vichupa vipya.

Mwisho, vile vichupa 14 bado viko kwenye friji ya shangazi yake mhazini anayeuza barafu za ubuyu, na mama wa watu ameshasema mara mbili viondoke kabla wateja hawajaviona. Anayeweza kuvipokea kwake aniambie kabla ya Jumamosi, kikao ni saa nne, darasa lile lile.