Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: nyota tano za Kilimanjaro na maneno yanayofutwa

Kwa Mheshimiwa Waziri,
Wizara ya Maliasili na Utalii,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: KUZIMWA KWA MAONI MABAYA YA WAGENI WANAOPANDA MLIMA

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kutoka Moshi. Mimi ni mwongoza watalii mlimani, na kabla ya hapo nilikuwa mpagazi. Haya ninayokuandikia niliyabeba kichwani kabla sijayabeba mdomoni.

Agosti 2022 shirika la simu la TTCL lilifikisha intaneti ya kasi kambi ya Horombo, mita 3,720 kutoka usawa wa bahari. Siku hizi mgeni anaweza kukaa mlangoni mwa kibanda na koti lake zito, akaisifu au akaiponda kampuni iliyompandisha kabla hata hajaushuka mlima. Serikali ilijivunia hatua ile, na sisi tuliifurahia, maana hata nyumbani kwetu tunapiga simu kwa urahisi. Lakini mgeni akiponda, maneno yake yatakaa?

Mara nyingi hayakai. Nikueleze jinsi yanavyoondoka, kwa sababu nadhani yanayofika mezani kwako ni yale yaliyosalimika.

Kuna yanayofia geti la Mweka, kabla hayajaandikwa. Mgeni ameshuka, magoti yanamuuma, ameshikishwa cheti, chupa ya bia imefunguliwa. Mwongozaji mkuu anatoa simu na kumwomba aandike maoni pale pale, na jina lake alitaje. Mheshimiwa, usimcheke huyo mwongozaji. Zipo kampuni ambazo jina kutajwa ndiko kunakoamua nani apewe safari ijayo. Asiyetajwa anasugua benchi, na aliyetajwa kwa ubaya anaweza kulisugua msimu mzima. Mgeni naye ni binadamu mwenye haya. Watu waliombebea maji, hema na choo wamesimama mbele yake wanamtazama. Ataandika nini zaidi ya nyota tano? Hapo hakuna aliyemtishia mtu, na ukweli umeshazimwa.

Wengine husubiri wafike kwao ndipo waandike. Nilimpandisha mama mmoja mwalimu, mtu mtaratibu, njia ya Machame. Nilikuwa mwongozaji msaidizi katika safari ile. Kufika kambi ya Karanga alishaanza kuuliza maswali ambayo wageni wengi hawaulizi: wapagazi wanakula wapi, wanalala wangapi kwenye hema moja, ile tipu anayoiacha inagawanywa na nani. Mpagazi mmoja anayejua Kiingereza kidogo akamjibu. Alimweleza kwamba wanakula mara moja kwa siku, na kwamba tipu ikishapita ofisini inarudi imekonda. Yule mama alirudi kwao akayaandika yote kwenye mtandao mmoja mkubwa wa wasafiri, kwa lugha ya heshima kabisa.

Kampuni ikalalamika kwa wenye mtandao, na maoni yakaondolewa. Sababu aliyopewa ni kwamba aliandika mambo ya kusikia, si aliyoyaona kwa macho yake.

Hebu lifikirie hilo jambo, Mheshimiwa. Kanuni kwamba mtu aandike alichokiona mwenyewe ni nzuri sana ukiwa unazungumzia supu ya baridi au shuka chafu. Mlimani mgeni anakula kwenye hema la kulia, mezani, na chakula analetewa. Mpagazi anakula anakojua mwenyewe, giza likishaingia. Mgeni hawezi kuona sahani ya mpagazi isipokuwa aambiwe, na mpagazi hawezi kuandika chochote: hana akaunti, Kiingereza chake ni cha kuombea njia, na hata angekuwa nacho, ni nani atampa kazi kesho? Kwa hiyo kanuni iliyowekwa kuzuia uongo inamfunga mdomo yule yule asiye na mdomo mwingine.

Yule mama aliandika upya, akaacha yale tu aliyoyaona: raba zilizochanika pale kambi ya Barafu, na mpagazi aliyekuwa anatetemeka. Yakakaa. Baadaye kampuni ikamwahidi kumrudishia sehemu ya fedha zake akiyafuta. Akayafuta. Simlaumu, safari ile ilikuwa imekula akiba yake ya miaka. Nami sikuandika popote, maana nina watoto. Aliyelipa ni yule mpagazi. Ofisini waliulizana nani alizungumza na mgeni, alijulikana upesi, na kampuni ile haijampandisha tena.

Siitaji kampuni hiyo, kwa sababu tatizo si lake peke yake, na kwa sababu nyingine nitakayoifikia.

Unaweza kusema hayo ni ya Moshi, mambo ya watu wadogo. Hapana. Novemba 2017 gazeti la Milwaukee Journal Sentinel la Marekani lilifichua kwamba TripAdvisor, mtandao ambako wasafiri huandika maoni yao, ilikuwa imeondoa maandishi ya wageni walioeleza kudhalilishwa na kudhurika kwenye hoteli za Mexico. Mmoja wao alikuwa mwanamke aliyeandika mwaka 2010 kwamba alibakwa na mlinzi wa hoteli karibu na Playa del Carmen. Andiko lake liliondolewa kwa hoja kwamba halikuwa la kusomwa na familia nzima. Yalipofichuka, kampuni iliomba radhi, ikalirudisha, na ikaanzisha alama ya tahadhari kwenye kurasa za hoteli zenye taarifa za namna hiyo. Miaka saba! Wakati wote huo wageni wengine walikuwa wanasoma habari za bwawa la kuogelea na kifungua kinywa.

Hapa kwetu hatuna haja ya kwenda Mexico. Aprili 2022 msichana kutoka Nigeria alisimulia Twitter jinsi alivyovamiwa chumbani katika hoteli moja Zanzibar mwaka mmoja nyuma. Maelfu wakaisambaza simulizi ile, na Kamisheni ya Utalii Zanzibar ikalazimika kutoa tamko. Mjadala uliofuata mitandaoni uligawanyika: wapo waliomwonea huruma, na wapo waliomwambia anachafua taswira ya nchi. Neno hilo la taswira nalisikia sana hata Moshi, kwenye vikao na ofisini, na linatamkwa kana kwamba anayesema nyumba inavuja ndiye aliyetoboa bati.

Niwe mkweli pia kwa upande wa wenye kampuni, maana wapo waungwana na nimefanya kazi nao. Kuna wageni wabaya. Kuna anayetaka arudishiwe fedha kwa sababu mawingu yalifunika kilele, na anatishia nyota moja asipopewa. Kuna mshindani anayeandika akijifanya mteja. Kuna kampuni zinazoandikiwa sifa na mashemeji. Mwaka 2017 kijana mmoja wa London aliligeuza banda la bustani alilokuwa anaishi kuwa mgahawa wa kubuni, akaomba rafiki zake wauandikie sifa, na ukapanda hadi nafasi ya kwanza kati ya migahawa yote ya London hapo TripAdvisor. Hakukuwa na mgahawa. Kwa hiyo sikuombi useme kila kinachoandikwa ni kweli. Mwenye mtandao ana haki ya kuchuja uongo na matusi, na mwenye kampuni ana haki ya kujibu mbele za watu. Ninachokiona ni kwamba uchujaji uliopo unamchuja zaidi aliye dhaifu, na sifa za uongo zinapita bila kuguswa kwa sababu hakuna anayezilalamikia.

Sasa ile sababu nyingine ya kutotaja majina. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inasema anayechapisha taarifa za uongo kwa nia ya kukashifu au kupotosha anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Mwanasheria ataniambia kwamba ukweli haukatazwi. Nakubali. Lakini mpagazi anayelala kijiweni hana mwanasheria wa kumthibitishia ukweli wake, na mwenye kampuni anaye. Mwaka 2020 huko Thailand, mgeni Mmarekani aliyeiandika vibaya hoteli ya kisiwa cha Koh Chang alishtakiwa na hoteli hiyo kwa kashfa, kosa la jinai kwao, akalala rumande kabla ya kuachiwa kwa dhamana. Yaliisha kwa yeye kuomba radhi. TripAdvisor nayo ikabandika onyo kwenye ukurasa wa hoteli, kuwaambia wasafiri kwamba hoteli hii ilimfungulia mtu mashtaka kwa sababu ya maoni. Nani alipata hasara kubwa zaidi ya jina hapo, mgeni au hoteli?

Wenzetu wameshatunga sheria juu ya jambo hili. Mwaka 2014 nyumba moja ya wageni katika mji wa Hudson, New York, ilikuwa na masharti ya kumkata mteja dola 500 kwa kila maoni mabaya yatakayoandikwa na wageni wa harusi yake. Mwaka huo huo hoteli moja ya Blackpool, Uingereza, iliwakata wanandoa pauni 100 kwenye kadi yao kwa kuiandika vibaya, na ikazirudisha baada ya kelele za watu. Marekani ikapitisha sheria mwishoni mwa 2016 inayobatilisha kifungu chochote cha mkataba kinachomzuia mteja kutoa maoni yake au kinachomtoza faini kwa kuyatoa. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya nchi hiyo ikaongeza kanuni dhidi ya maoni ya kubuni, ya kununuliwa, na dhidi ya kumtisha mtu ili afute aliyoyaandika.

Hoja yangu, Mheshimiwa, iko hapa. Hatuna mamlaka juu ya TripAdvisor, ambayo makao yake yako Massachusetts, wala sikutumi huko. Mamlaka tunayo juu ya leseni. Hakuna kampuni inayompandisha mgeni kihalali bila leseni ya biashara ya utalii, tunayoiita TALA, na leseni hiyo inatoka wizarani kwako na inahuishwa kila mwaka. Naomba iongezwe sharti. Kampuni yenye leseni hiyo isiwe na mkataba unaomzuia mgeni kusema kweli. Isimpe mgeni fedha wala punguzo ili afute alichoandika. Na isimwadhibu mwongozaji, mpishi au mpagazi kwa sababu mgeni amemtaja au amezungumza naye. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito wote. Mengine mawili nimeyaweka kwa sababu yanakwenda nalo.

Sharti bila mahali pa kulalamikia ni karatasi. Getini tuna mizani ya kupimia mizigo, na mpagazi anajua mzigo wake haupaswi kuzidi kilo 20, na akizidishiwa kuna mtu wa kumwambia. Kwa chakula, hema na tipu hakuna mtu wa namna hiyo, isipokuwa kampuni ikubali kwa hiari yake kukaguliwa na mradi wa kusaidia wapagazi, KPAP. Na zinazokubali kwa hiari ndizo ambazo hazikuwa na shida sana tangu mwanzo. Weka namba ya simu ya Wizara kwenye geti la kushukia, si la kupandia, maana mtu analalamika akishashuka. Malalamiko yachunguzwe bila jina la mlalamikaji kufika ofisini kwa mwajiri. Yakithibitika, yaandikwe mbele ya jina la kampuni kwenye orodha ile ile ya leseni ambayo mgeni wa Uholanzi au Japani anaweza kuifungua. Yasipothibitika, yafutwe, na kampuni iambiwe hivyo kwa maandishi.

Kuna ujanja mmoja ambao orodha hiyo ingeuziba moja kwa moja. Kampuni ikishachafuka mtandaoni, inasajiliwa upya kwa jina lingine, magari yanapakwa rangi, na inaanza na ukurasa mweupe. Wageni hawawezi kujua. Wizara inaweza, kwa sababu wakurugenzi ni wale wale na fomu zao mnazo.

Mwaka 2024 nchi ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 2. Watu wa namna hiyo hawaji kwa mabango ya uwanja wa ndege. Wanakuja kwa sababu mtu fulani aliandika kwamba alipanda akashuka salama na wahudumu walikuwa wanacheka. Baadhi ya vicheko hivyo nimekuwemo na vilikuwa vya kweli. Ningependa na msomaji wa mbali awe na njia ya kuvitofautisha na vile vya getini.

Msimu wa kuhuisha leseni ukifika, waongozaji wenzangu nami tuko tayari kuja Dodoma au kuonana na maofisa wako hapa Moshi, bila waandishi wa habari kama itakuwa rahisi zaidi kwenu. Wapagazi tutakaokuja nao watazungumza wenyewe. Naomba majina yao yasiandikwe kwenye kitabu cha wageni.

Wako mtiifu,

Mwongoza watalii,
Moshi, Kilimanjaro.

Nakala:
Mkuu wa Hifadhi ya Taifa Kilimanjaro
Bodi ya Utalii Tanzania
Vyama vya wapagazi na waongoza watalii, Moshi na Arusha