Hesabu za birika la umeme kabla ya Jumamosi

Mafundi wenzangu, habari za jioni. Jumamosi saa nne asubuhi tunapima birika la umeme, kila mtu aje na mita na daftari. Naona wengi bado mnachanganya pa kugawanya na pa kuzidisha, someni hili mapema.

Ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme kupita, ni volti gawanya kwa ampea. Nguvu ni volti mara ampea. Birika likiwa kwenye volti 230 likavuta ampea 8, ukinzani wake ni omu 28.75 na nguvu ni wati 1,840.

Sasa angalieni hapa, maana ndipo wateja wanapolalamika. Umeme ukishuka hadi volti 200, waya wa ndani ni uleule, omu ni zilezile. Mkondo unashuka hadi karibu ampea 7, nguvu inabaki wati 1,391 hivi. Volti zimepungua asilimia 13, nguvu karibu robo nzima! Birika si bovu, linachelewa kuchemsha tu, msimuuzie mtu jipya.

Na omu hupimwa kifaa kikiwa kimechomolewa. Hilo nawaomba sana, ndugu zangu.