Gazeti litaje nani kalipia utafiti wa meno

Mhariri,

Maneno "imethibitishwa kisayansi" yamekuwa mengi kwenye matangazo ya dawa za meno na jeli za kung'arisha. Tunaomba gazeti lako, kila linapoandika habari ya bidhaa kama hizo, lieleze pia nani alilipia utafiti, bidhaa ililinganishwa na nini, na washiriki walifuatiliwa kwa muda gani.

Hatusemi kwamba watafiti wanaolipwa na viwanda hupika takwimu. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, kuhusu dawa na vifaa tiba yalionyesha kuwa tafiti zilizofadhiliwa na watengenezaji hufikia hitimisho la kuisifu bidhaa mara 1.34 ukilinganisha na zilizofadhiliwa kwingine, na vipimo vya kawaida vya ubora wa utafiti havikuweza kueleza tofauti hiyo. Mara nyingi mambo huharibika mapema, wakati wa kuamua nani apimwe, lini, na dhidi ya nini.

Chukua kung'arisha meno kwa jeli ya peroksidi na taa. Mgonjwa hukaa mdomo wazi, fizi zimezibwa, kwa nusu saa au zaidi. Enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, hukauka, na jino lililokauka huonekana jeupe kuliko lilivyo. Mate yakirudi, sehemu ya weupe ule hupotea. Anayelinganisha rangi mara tu taa inapozimwa anapima jeli na ukavu kwa pamoja, na picha za "kabla na baada" hupigwa dakika hizo hizo. Kipimo cha haki husubiri walau wiki moja, na upande mmoja wa mdomo hupata jeli na taa, upande wa pili jeli bila taa. Bila hivyo huwezi kujua taa imefanya nini, na taa ndiyo inayopandisha bei.

Kwa kanda yetu kuna tatizo jingine. Singida ina visima vyenye floraidi kuzidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na watu waliokunywa maji hayo utotoni, meno yakiwa bado yanaumbwa, wana meno ya kahawia. Hao ndio wanaotamani kung'arisha kuliko wengine. Lakini majaribio mengi ya jeli huwaondoa tangu mwanzo watu wenye madoa ya floraidi, kwa sababu rangi yao hubadilika kwa shida. Matokeo hupatikana kwa wenye meno ya njano ya kawaida, kisha bidhaa inauziwa mtu wa Manyoni, mkoani Singida.

Kwenye dawa za meno, angalia kilicholinganishwa. Dawa mpya ikishindanishwa na isiyo na floraidi kabisa, itashinda kirahisi; mpinzani halali ni dawa ya kawaida yenye floraidi 1,000 hadi 1,500 ppm (sehemu kwa milioni). Angalia na muda: jino huoza polepole, kwa hiyo jaribio la kuzuia kuoza linahitaji miaka 2 au 3. La wiki sita linaweza kupima ukoga tu. Nazo asilimia hupumbaza. Tuseme katika kila watoto 100, waliotoboka meno ni watoto 4 kundi moja na watoto 3 kundi jingine: tangazo litasema "asilimia 25 pungufu", wakati aliyenusurika ni mtoto mmoja katika mia.

Uzito wa jambo hili ulionekana Marekani. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 wa nyaraka 319 za ndani za sekta ya sukari, za 1959 hadi 1971, ulionyesha kuwa sekta hiyo, huku ikijua sukari huozesha meno, ilifadhili utafiti wa vimeng'enya vya kuvunja ukoga na chanjo ya kuzuia kuoza, ili mjadala usifike kwenye kupunguza sukari. Taasisi ya taifa ya utafiti wa meno ilipoita maombi ya utafiti mwaka 1971, asilimia 78 ya yaliyopendekezwa na sekta hiyo yalikuwa yameingizwa. Tunaliona hili kuwa baya kuliko takwimu za kupikwa, kwa kuwa takwimu mtu anaweza kuzirudia na kuzisahihisha. Swali ambalo halikuulizwa halina pa kusahihishwa.

Mwandishi wa afya anayepewa kipeperushi na wakala wa bidhaa aombe makala kamili ya utafiti na asome tamko la maslahi, yaani maelezo ya nani aliwalipa watafiti, ambalo kwa kawaida huwa mwishoni. Kisha atafute namba ya usajili wa jaribio. Kwa Afrika ipo PACTR, sajili ya majaribio ya tiba ya bara zima, ambako kipimo kikuu huandikwa kabla ya kazi kuanza. Kipimo kilichosajiliwa kikiwa kuoza kwa meno, na makala inashangilia pumzi safi, habari hiyo isubiri.

Madaktari wa kinywa na meno,
Dodoma