Barua kwa Mwanaidi kuhusu Hofu ya Kujifungua

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Barua yako nimeisoma na kuirudia, hasa pale unapoeleza kwamba hupati usingizi kwa kuiwaza leba, na kwamba umeazimia kumwomba daktari akufanyie upasuaji ingawa mimba haina tatizo lolote.

Sitakuambia usiogope, maana sisi wakunga huwa tunalitamka neno hilo ili kuyamaliza mazungumzo kuliko kumsaidia mama. Mkunga anayeijua kazi yake huuliza kwanza: unaogopa nini hasa? Yupo anayeogopa kuchanika na kushonwa, yupo anayeogopa kufokewa mbele za watu, na yupo ambaye, kama wewe, aliongezwa njia, yaani kukatwa ukeni ili mtoto apite, katika uzazi wa kwanza bila kuelezwa sababu. Mama wa namna hiyo hukaa naye, wakaupitia uzazi ule hatua kwa hatua, mpaka ajue kipi kilikuwa cha lazima na kipi hakikuwa. Nchini Uswidi hospitali nyingi zina kliniki za wakunga ziitwazo Aurora kwa ajili ya mazungumzo hayo, na mpango wa kujifungua huandikwa mapema ili watakaompokea mama wausome. Sisi hapa huzungumza kwenye benchi la kliniki foleni ikipungua, nayo husaidia kuliko unavyodhani.

Hofu yenyewe haiishii moyoni. Mwili wenye woga humwaga adrenalini, homoni ya hofu, na ikizidi huweza kuidhoofisha mikazo ya mji wa mimba inayomsukuma mtoto. Ndiyo maana mkunga mzuri hushusha sauti, humsugua mama kiuno, na humweleza anachotaka kufanya kabla hajamgusa, hata kama ni kupima njia tu, yaani jinsi mlango wa kizazi ulivyofunguka. Umeniandikia pia kwamba uliambiwa umechelewa kufunguka njia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unasema wazi kwamba si lazima njia ifunguke sentimita moja kila saa, na kwamba kabla ya kufika sentimita 5 inaweza kwenda taratibu sana bila kuwa na kasoro.

Mwongozo huohuo unataka kila mama awe na msindikizaji amtakaye mwenyewe. Hapo ndipo penye ugumu kwetu, kwa kuwa wodi nyingi hazina mapazia kati ya vitanda. Kwa hiyo uliza mapema kituoni kwenu wanaruhusu nini, na kama mama mkwe hakutulizi, mtaje mama mdogo.

Kuhusu upasuaji, una haki ya kuuzungumzia bila kuchekwa, lakini mwombe daktari akueleze pia kidonda chake na athari zake kwa mimba zijazo. Kliniki ijayo nenda na karatasi uliyoandika kila unachokiogopa, umsomee mkunga, kisha umwombe akuonyeshe chumba cha kujifungulia wakati hakuna mzazi ndani. Akikupuuza, niandikie, nami nitakutafutia mwenzangu wa karibu na huko.

Wako akupendaye,
Rehema