Madaftari ya maduka ya pwani yasichomwe moto

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Duka la zamani la familia linapobomolewa pwani yetu, iwe Kunduchi, Msasani au Mjimwema, mizani hupata mnunuzi na kabati hupata wa kulibeba. Madaftari ya madeni huishia jalalani au jikoni kuwashia moto. Sisi tunaoifahamu kazi ya duka tunawasihi wenye nyumba wasifanye hivyo.

Duka la kijiji cha wavuvi halikuuza mchele na sukari tu. Mbele kulikuwa na chupa za achari, sinia la kachori na ng'onda. Nyuma kulikuwa na chumvi ya kukaushia samaki, ndoano, nyuzi za kushonea nyavu na mafuta ya taa ya karabai. Mvuvi alichukua kwanza, akalipa chombo kikirudi. Kwa hiyo daftari la duka la namna hii hufuata mwezi wa angani. Anayevua dagaa kwa taa hukosa kazi mbalamwezi inapowaka, kwa sababu maji yote yana mwanga na samaki hawakusanyiki tena kwenye karabai. Siku hizo kurasa za deni hujaa; giza likirudi, majina yanaanza kukatwa mstari. Kusi likichafua bahari, ngalawa hazitoki na deni hulala wiki nyingi. Anayetafuta habari za uvuvi wa wakati ule atapata humo mambo ambayo hakuna karani wa serikali aliyeyaandika.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni la vipimo. Frasila ilikuwa ratili 35, yaani karibu kilo 16, na hiyo haina utata. Pishi na kibaba ndiyo mtihani. Pishi ni vibaba 4, lakini kibaba hupima ujazo, siyo uzito. Kibaba cha chumvi na kibaba cha unga havilingani kwenye mizani, na kibaba cha mfuto, kilichopigwa kijiti juu kikawa sawa, kina kidogo kuliko kibaba cha tele. Anayegeuza vibaba vyote kuwa kilo kwa hesabu moja atamwita muuzaji mwizi bure. Aandike kipimo kama kilivyo, kisha atafute chombo chenyewe. Mara nyingi kopo lile bado liko stoo.

Tarehe nazo zina mitego. Wenye maduka wa asili ya Kigujarati walifungua daftari jipya Diwali, kwa mwaka wa Samvat, yaani kalenda ya Kihindu. Daftari la zamani lenye mwaka 2010 halijakosewa: mwaka huo ulianza Novemba 1953. Mengine yana Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na tarehe za Hijria. Na kurasa zikikatika ghafla 1976, msikimbilie kusema familia ilifilisika. Huo ndio mwaka wa Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yalipoamriwa kufungwa ili ya ushirika yashike nafasi yake. Zikinyamaza tena 1983, kumbukeni msako wa walanguzi. Mwenye duka aliyeogopa kukutwa na gunia la sukari hakuwa na hamu ya kuliandika.

Sasa utunzaji. Adui wa kwanza ni hewa ya bahari. Daftari likifungwa ndani ya mfuko wa plastiki, unyevu hubaki humo na ukungu huota. Liwekwe kwenye boksi la karatasi ngumu, juu ya chaga, mbali na ukuta na sakafu ambako mchwa hupitia. Pini za chuma zitolewe taratibu, maana kutu hutoboa karatasi. Lililolowa likaushwe kivulini penye upepo, na karatasi nyeupe ipachikwe kila baada ya kurasa chache. Jua kali hufifisha wino na kuifanya karatasi ivunjike kama papa mkavu. Selotepu isiguse ukurasa kabisa. Gundi yake hugeuka kahawia na kuyala maandishi, na kuibandua ni kubandua maneno.

Kupiga picha simu inatosha: kaa karibu na dirisha, zima flashi, weka rula pembeni, anza na jalada kisha ukurasa kwa ukurasa, hata kurasa tupu. Karatasi iliyochomekwa katikati ipigwe ilipo kabla haijaondolewa. Halafu waulizwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kama wanaweza kuyapokea madaftari yenyewe.

Jambo moja tunalisisitiza. Yale ni majina ya watu waliokopa unga wa watoto, na wajukuu zao bado wanakaa mitaa ileile. Picha zikisambazwa, majina yafunikwe. Kiasi, bidhaa na tarehe vibaki.

Ni sisi wasomaji wako,
Kigamboni, Dar es Salaam