Barua kwa shemeji yangu kuhusu chuo cha wananchi

Shemeji,

Shikamoo, na salamu kwa wote hapo nyumbani. Nimesikia umemkatalia binti kwenda chuo cha maendeleo ya wananchi, eti huko wanapelekwa walioshindwa shule. Nakuandikia hadharani kwa kuwa si wewe peke yako. Maneno hayo nayasikia misibani, vijiweni, na hata kwa walimu.

Vyuo hivi havikuanzishwa kwa ajili ya waliofeli. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazee wakashika kalamu, na mwaka 1973 vikundi vikakaa kuzunguka redio kufuatilia kampeni ya Mtu ni Afya. Swali likawa: mtu mzima akishajua kusoma, aendelee wapi? Mwalimu Nyerere alivutiwa na vyuo vya wananchi vya Uswidi, vilivyoanza mwaka 1868 kwa ajili ya vijana wa wakulima, navyo viliiga wazo la Denmark. Vya kwetu vikaanza mwaka 1975 kwa msaada wa Uswidi huohuo. Vingi havikujengwa upya. Serikali ilichukua vituo vya mafunzo vijijini vilivyokuwapo ikavibadilisha kazi. Leo viko 54 chini ya Wizara ya Elimu, kuanzia Tarime mpaka Newala, Sikonge mpaka Ifakara.

Sehemu ambayo wengi hawaijui ni hii: mwanafunzi wa zamani alichaguliwa na kijiji chake. Viongozi walikaa, wakajiuliza wana upungufu gani, wakamtuma mtu mzima, pengine mwenye mke na watoto, akajifunze useremala, uashi, ushonaji au ufugaji. Alifundishwa pia siasa na utunzaji wa hesabu, maana duka la kijiji lilihitaji mtu wa kushika daftari. Akimaliza, alitakiwa arudi. Hakuna aliyemuuliza cheti. Kutumwa na kijiji ilikuwa heshima, shemeji, kama ilivyo leo kuchaguliwa mjumbe.

Mpango ule ulikuwa na tundu lake. Fundi alirudi na ujuzi bila randa wala msumeno, na miaka ya 1980, uchumi ulipoyumba, kijiji hakikuwa na cha kumpa. Baadaye vyuo vikatolewa wizara ya elimu, vikapelekwa Maendeleo ya Jamii. Misaada ikapungua, karakana zikachakaa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, wazazi wakazoea kupima ufundi kwa cheti, na chuo kisicho nacho kikaonekana cha kupotezea muda. Nadhani dharau unayoirudia ilizaliwa hapo.

Vyuo navyo vilibadilika. Viliingiza mitaala ya ufundi stadi na mitihani ya VETA. Katika utawala wa awamu ya tano vikarudishwa Wizara ya Elimu, majengo yakakarabatiwa. Si kila badiliko nimelipenda. Mkulima wa miaka hamsini aliyetaka kozi fupi ya ufugaji wa nyuki sasa anakutana na ofisi iliyozoea vijana wa kidato cha nne, wakati yeye ndiye aliyekusudiwa tangu mwanzo.

Sitaeleza ya nyumbani kwako hapa, ila unajua kwa nini binti aliacha shule. Kabla ya Novemba 2021, msichana aliyejifungua hakuruhusiwa kurudi shule ya serikali. Vyuo vya wananchi vilikuwa vikiwapokea wasichana wa namna hiyo. Chini ya mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaoendeshwa na shirika la Karibu Tanzania, wanasoma masomo ya sekondari pamoja na fani ya mikono, na vyuoni kuna mahali pa kuwalea watoto wao wakati mama yuko darasani. Ruhusa ya kurudi shule sasa ipo, sawa. Lakini shule gani ya kata itamshikia mtoto wakati mama yake anafanya hesabu?

Kwa hiyo usimpeleke kwa kuwa nimesema mimi. Nenda siku ya kazi, uingie karakana uone kama mashine zinazunguka au zimefunikwa turubai, maana vyuo havilingani. Uliza mwalimu wa fani anayoitaka yupo au nafasi iko wazi. Uliza bweni, uliza mtoto atakaa na nani. Na uende naye. Maswali mengine anayo yeye.